Folda ya Majina ya Ng'ombe

Mhunze, Jumatano

Kaka Donatus, shikamoo.

Tarehe 3, ulipoisakinisha upya kwa mtandao programu ya kupanga kurasa, ukiwa huko Geita, kitabu cha Baba kilipotea: majina 186 ya Kisukuma ya rangi za ng'ombe. Kila nikitaka kuchapa, kompyuta inasema faili halikupatikana. Nikakupigia, ukasema, "Basi, andika upya."

Mvua imenyesha, pamba imeota. Baba sasa anaona mwanga tu, lakini hakulalamika. Alisema, "Leta kiti, Zipora, tuanze na dume mweusi." Tulifika jina la 40, akachoka.

Jana nilisoma maelekezo peke yangu. Kumbe programu ikisakinishwa upya inatafuta kwenye folda zake tu. Nimeongeza mstari mmoja kwenye mipangilio yake wa kuielekeza kwenye folda uliyoitengeneza mwaka juzi, na majina yote 186 yakatoka. Nilimsomea Baba, akacheka mpaka akakohoa. Nami nimelala usingizi mzito.

Lakini folda uliitengeneza wewe. Uliposema niandike upya, ulijua majina yamo, au hukujua? Jina lako liko kwenye jalada, chini ya la Baba. Nachapa Jumamosi saa sita mchana. Nijibu kabla ya hapo, nijue kama libaki.

Mdogo wako,
Zipora