Nyumba ya Pili kwa Baba Yako

Kwa Mwalimu Yohane,
Misheni, Tukuyu,
14 Julai, 1956.

Mpendwa mjukuu wangu Anania,

Ndaga, nakusalimu, mume wangu. U mzima huko Rodesia? Mkeo Atuganile na mtoto wanalala vizuri? Sisi tupo. Baridi ya mwezi huu inatutafuna na mgongo wangu haunyooki, lakini uji naukoroga mwenyewe. Na barua hii naandika kwa mkono wangu. Herufi zikilala ubavu, zisome hivyo hivyo.

Barua yako tumeisoma. Umenunua shamba nje ya mji wa migodi, umeshangilia, ndipo ukaenda ofisini kuuliza utajenga nini. Mtu mwenye akili anauliza kwanza! Sasa wamekuambia hiyo ni ardhi ya kulima, nyumba ya kuishi ni moja tu, tena ikae upande wa barabara. Nawe unamwandikia baba yako, "Njoo, tutabanana."

Mtabanana na nani? Atuganile ni mke wa kwetu. Akimwona baba mkwe wake njiani anajitupa majanini wasionane uso kwa uso. Ndani ya nyumba moja atajitupa wapi, chini ya kitanda? Usiniletee habari za misheni, kwamba Mkristo hana mwiko huo. Mimi nilibatizwa baba yako hajaota meno, na baba mkwe wangu alikufa sijamtazama usoni. Ndiyo maana hapa wana wanajenga ng'ambo ya mto. Hata sisi tusio na ofisi tunajua nyumba ikae wapi.

Baba yako naye hasikii. Tangu mama yako atutoke, anakutaka wewe tu. Ameng'oa miche ya migomba, ameifunga kwenye gunia, anangoja lori la kwenda Mbeya. Nilipomwuliza atalala wapi, akasema, "Mama, nitalala jikoni." Mwanangu Asukile, mzee mwenye mvi, alale na kuku kwa mwanawe!

Nimechoka, Anania. Niliowazaa nimewazika, amebaki yeye. Utasema bibi anamng'ang'ania. Ndiyo, namng'ang'ania. Lakini angekuwa na nyumba yake huko, ningemfungia chakula cha njiani mimi mwenyewe.

Basi rudi ofisini. Vua kofia, uliza vizuri: nyumba ya pili yaruhusiwa? Ya mianzi je? Mbali kiasi gani na yako? Wakikataa, tafuta shamba lingine, au urudi ujenge hapa. Usinibembeleze. Niandikie walichosema.

Mwalimu Yohane anakusalimu, na jirani yetu Mika pia. Mbusu mtoto. Atuganile mwambie asiogope, baba mkwe wake haendi popote. Viatu vyake nimevificha, nitavitoa siku nikisoma kwamba nyumba ya pili imekubaliwa.

Mungu awafunike, awape na akili ya kuuliza.

Ni mimi nikupendaye hata nikikugombeza,
Bibi yako Yudith