Mutoto Wako na Shati Yangu

Kamembe, siku ya mungu

Yaya Harelimana, kaka yangu mukubwa,

Nakusalimia, mimi mudogo wako Twagirayezu, fundi wa kushona asiye na mwenzake. Nilijishonea shati ya kola pana, basichana ba soko banageuza shingo. Huko Lubumbashi hamuna kama ile, usinidanganye.

Binti yako alizaliwa muzuri, lakini kila akinyonya anatapika, tumbo likavimba. Siku ya nane batoto ba jirani balikuja kula na kumupa jina kama desturi yetu, Maman akabarudisha kwa sababu mutoto ni mugonjwa. Tuliogopa kukuandikia. Kule hospitali ya Butare munganga alisema kuna kifuko alichozaliwa nacho, kimeziba utumbo. Bakamupasua, bakakitoa, bakatuambia tungoje anye, ndiyo tutajua utumbo umefunguka. Ndiyo Yaya, bantu bazima tunangoja mavi! Bibi yako Mukantwari, mama ya mutoto, hata kula alikataa.

Jana nilimupakata, akaninyea shati yote. Mukantwari akapiga vigelegele mpaka bagonjwa bengine bakaitikia. Mimi nililia kidogo, usimuambie muntu.

Batoto tutabaita tena, chakula kiko. Jina ni lako kulitoa, wewe baba yake. Ukikawia nitamupa la kwangu.

Leta kitambaa cha shati.

Twagirayezu, mwenye kunuka