Majani Uliyotushikia

Mwanangu Saning'o,

Cherehani namba saba bado inazunguka kwa mkanda wako. Ule wa dukani ulikuwa umekatika mara tatu muhula mmoja, nami nimeshachoka kuandika barua za kuomba mwingine, ukaniambia, "Madam, nisubiri nikienda nyumbani." Ulirudi na ukanda wa ngozi ya ng'ombe, umeukata mwembamba na kuupaka mafuta, ukaunga ncha zake kwa waya. Darasa zima lilicheka. Mkanda haujakatika hadi leo, na waliocheka ndio wanaogombania kuikalia cherehani hiyo.

Nakuandikia kwa sababu namba ya simu niliyopewa kwenu haipatikani. Nimeandika nakala mbili. Moja namtumia mdogo wako Naserian akusomee siku utakayopiga. Nyingine naibandika kwenye ubao wa matangazo hapa chuoni, pale pale ilipobandikwa barua ya kukufukuza. Ulifukuzwa mbele ya watu, kwa hiyo sioni sababu ya kukuomba radhi kwa kujificha.

Unanijua, maneno mengi, subira kidogo. Siku ya kwanza ulipoingia darasani nilikuuliza kama hukupotea njia, maana wavulana wengi huenda karakana ya kuchomea vyuma. Ukasema, "Sijapotea, Madam. Nimekuja kushona." Ukanieleza habari za Naserian, anavyorudishwa nyumbani kila mara kwa kukosa sare, na fundi wa karibu ni safari ya kutwa. "Nikiweka cherehani pale kwetu, watoto wote watavaa." Nikakuitikia vizuri, lakini moyoni nikasema huyu hamalizi mwezi.

Mwezi wa pili ulikuwa unapima viuno kwa macho. Nilikukatalia, nikachukua futi nikampima binti mmoja uliyekuwa umemkadiria, nikakuta umekosea kwa upana wa kidole. Ukacheka. "Mtu anayewajua ng'ombe wa baba yake mmoja mmoja kwa sura, Madam, atashindwa na kiuno?" Nimefundisha kushona miaka mingi, na sijaona mikono iliyotulia kama yako kwenye marinda. Sikukwambia wakati ule kwa sababu nilidhani sifa zinaharibu mwanafunzi. Leo nakwambia.

Halafu ikaja Jumapili ya mpira. Mlitoka watatu, wewe, Hassani na Elia wa Dindira, mkaenda kutazama mechi mjini bila ruhusa. Mkarudi pamoja, saa moja jioni, wenzenu wameshahesabiwa. Mlipita geti moja, kwa mguu mmoja, kwa kosa moja. Tofauti ilikuwa kwamba wewe ulikuwa na fimbo yako, ile uliyotoka nayo nyumbani na ambayo hukujua kutembea bila kuishika.

Jumanne kamati ya nidhamu ikakaa. Walimu watano, na mimi wa sita, katibu. Hassani na Elia waliingia kwanza. Waliulizwa, wakajibu, Hassani akatuchekesha kidogo kuhusu goli la kuotea, wakapewa kufyeka uwanja wiki moja. Niliandika: "Walichelewa kurudi." Kabla hujaitwa, fimbo yako ilikuwa imelazwa mezani, na kamati imeshakubaliana urudishwe nyumbani wiki mbili. Niliandika: "Alitoroka chuo na kurudi akiwa na silaha."

Silaha, Saning'o. Fomu yetu ya kujiunga inamtaka kila mwanafunzi aje na ndoo, jembe na panga. Mapanga yamejaa mabwenini, mengine yananolewa kila Ijumaa, na sijawahi kuyaita silaha. Na pale getini tuna mlinzi ambaye tulimwajiri kwa sababu moja tu, kwamba ni Mmasai. Mmasai haogopi, tulisema. Fimbo yake tunaiita ulinzi, na bado kalamu yangu haikusita ilipofika kwenye yako.

Ulipoingia ukaiona fimbo pale mezani, ukasomewa mashtaka, ukaomba kutoka kidogo. Tulidhani umebanwa na haja. Ulirudi na majani mabichi, konzi moja, umeyang'oa pale nje kwenye ua. Ukainamisha kichwa, ukayashika kwa mikono miwili, ukamnyooshea mwenyekiti. Mwalimu wa nidhamu ndiye aliyeanza.

"Huyu ametuona sisi ng'ombe?"

Watu wakacheka. Na mimi nilicheka, tena kwa sauti. Wewe ukabaki umenyoosha mikono. Ukasema, "Mzee, naomba..." Mwenyekiti hakukuacha umalize. Alipiga meza, akakwambia utoe uchafu wako, na mengine yakadondoka sakafuni. Uliyaokota unyasi mmoja mmoja, hukubakisha hata mmoja, ukatoka nayo. Wiki mbili zikageuka kufukuzwa, mtihani ukiwa umebakiza wiki sita. Kwenye daftari niliandika kwamba mwanafunzi ameonyesha dharau kubwa kwa kuiletea kamati majani. Lile neno "naomba" nililisikia vizuri, nilikuwa nimekaa karibu yako kuliko wote. Sikuliandika.

Kesho yake asubuhi jina lako likasomwa mstarini. Ulibeba begi lako, ukaja mlangoni kwangu, ukasema, "Shikamoo, Madam. Nakwenda." Nikaitikia marahaba bila kuinua macho kutoka kwenye kitambaa nilichokuwa nakata. Kitambaa chenyewe kilikuwa hakina haraka yoyote.

Niseme na asili yangu, usidhani nimekulia mbali na ninyi. Kwetu ni Mazingara, Mzigua mtoto wa mkulima. Nimekua nikisikia jioni moja baada ya nyingine kwamba ng'ombe wameingia shambani, kwamba Wamasai hawasikii, Wamasai ni wakali. Baadhi ya mahindi hayo yaliliwa kweli, sisemi tulisingizia. Lakini wewe hukuwahi kuchunga kwenye shamba letu. Nilikubebesha ng'ombe wasio wako, na nikakuhukumu nao.

Likizo nilikwenda kwa kaka yangu huko Mazingara. Asubuhi ya tatu tukasikia kelele, ng'ombe wamo kwenye mahindi, wamekula tuta kwa tuta. Kaka alichomoka na panga, anatukana kwa Kizigua maneno ambayo marehemu mama asingeyavumilia. Mimi nilikimbia nyuma yake nikijua leo mtu anakufa. Akatokea mzee wa Kimasai, amechoka, shuka imelowa umande. Aliinama, akang'oa majani, akamnyooshea kaka kwa mikono miwili.

Kaka akasimama. Alisimama hivyo hivyo, anahema, halafu akaweka panga chini. Wakaenda pamoja kukagua shamba, wakakubaliana fidia, na baada ya saa moja wako uwanjani kwetu wanakunywa chai. Nilimvuta kaka pembeni nikamuuliza yale majani ni ya nini.

"Anaomba yaishe," akasema. "Mmasai akikushikia majani amekiri, basi. Wewe hujui? Hata watoto hapa wanajua."

Kaka yangu aliishia darasa la saba. Mimi nilipelekwa shule ya bweni mapema, nikasoma, nikapata cheti na kingine juu yake. Nilikaa kwenye jiwe la kusagia nikashindwa kumaliza chai. Niliona aibu, Saning'o. Ulikuja na adabu kubwa kuliko zote ulizofundishwa kwenu, ukatupa sisi, nasi tukaiandika dharau.

Niliporudi chuoni Korogwe nilikwenda moja kwa moja getini. Mlinzi wetu tumemwita "Masai" miaka minane. Siku hiyo nilimuuliza jina lake, akanitazama kwanza kama ninatania. Anaitwa Lazaro. Nikamuuliza kama siku ile alikuona.

"Nilimwona anang'oa," akasema. "Nikajua yataisha. Ukishikiwa majani huwezi kukataa, mwalimu. Hata kama mtu amechinja fahali wako. Kukataa ni jambo baya sana."

"Mbona hukuja kutuambia?"

"Nani ameniita?"

Akainuka, akaenda kufungua geti.

Ningependa kuishia hapo, niseme ilikuwa kutoelewana kwa mila tu, pole, tusonge mbele. Lakini fimbo ilishakuwa silaha kabla hujang'oa jani lolote, na wewe ulishatoroka wakati wenzako wamechelewa. Nilikaa na madaftari ya kamati siku mbili, mengi ni mwandiko wangu. Vijana wengine wakipigana, nimeandika "waligombana." Akiwemo Mmasai, yeye "alishambulia." Mwingine akinyamaza mbele ya kamati, "alijutia." Ninyi mkinyamaza, "alikaidi." Wanafunzi wa Kimasai chuoni kwetu hawajazi benchi moja, na hakuna aliyewahi kupewa kufyeka tu. Nchi hii tunajisifu kwamba hatuna ukabila. Nyani haoni kundule.

Niliomba kikao, nikasimama nikawasomea maneno yangu mwenyewe. Mwalimu wa nidhamu akasema mimi ndiye ninayeleta ukabila ambao haukuwepo. Mwenyekiti akasema, kwa upole kabisa, "Mwalimu, maji yakimwagika hayazoleki." Nikamjibu kwamba haya hayakumwagika, tuliyamwaga. Tulibishana hadi chakula cha mchana kikapoa. Mwishowe mwenyekiti akauliza, na sauti yake ilikuwa imebadilika, "Kwa hiyo alikuwa ananiomba mimi?" Nikasema ndiyo, mzee, wewe. Alivua miwani akaifuta muda mrefu.

Uamuzi ni huu. Kufukuzwa kwako kumefutwa. Unaweza kurudi muhula ujao ukifunguliwa na kufanya mtihani wako uliokupita. Fimbo yako iko ofisini, imefungwa kwa kitambaa, utakabidhiwa. Ile sentensi ya dharau nimeikata kwa mkono wangu mbele ya kamati, nikaandika juu yake kwamba mwanafunzi aliomba msamaha na katibu hakuandika, nikatia sahihi. Mimi si katibu tena, jambo ambalo halinisikitishi. Mwalimu wa nidhamu hajabadilika, usije ukadhani utapokelewa kwa vigelegele.

Wiki iliyopita kaka alinipeleka kwenu kwa pikipiki. Nilikuwa nimepanga kila kitu. Tulipokaribia boma nilishuka, nikang'oa majani, nikayashika kwa mikono miwili jinsi nilivyokuona. Nilidhani nitakukuta. Nilidhani nitasimama mbele yako, nitainamisha kichwa, na yataisha.

Hapo ndipo maneno ya Lazaro yalinirudia. Ukishikiwa huwezi kukataa. Nikaona ninachotaka kufanya. Nilikuwa nimebeba mila yako nikiwa nimeijua juzi tu, nije nikufunge nayo mikono, unisamehe utake usitake, ili mimi nilale. Niliyaweka chini pale kwenye miiba ya uzio.

Mama yako alinipokea vizuri kuliko nilivyostahili. Akanipa chai ya maziwa, akaniambia umekwenda Dar es Salaam kulinda geti la watu. Mikono ile ya marinda imeshika tochi. Naserian alitafsiri, maana mama alikuwa anasema Kimasai tu, na nadhani Kiswahili alikijua ila hakutaka kunipa. Ni haki yake. Nilimuuliza Naserian kama anakwenda shule. Akasema siku nyingine ndiyo, siku nyingine anarudishwa.

Sketi yake ya bluu ninayo. Uliiacha kwenye cherehani namba saba, marinda yamepangika, kiuno kimekamilika, imebaki kupindwa tu chini. Ni kazi ya robo saa. Wanafunzi wameniuliza kwa nini siimalizi nikaipeleka, na Naserian anaihitaji. Nimejiuliza pia. Nimemshonea nyingine, atakuwa ameshaivaa atakapokusomea barua hii. Yako nimeiacha bila pindo, na sindano iko pale pale ulipoichomeka.

Nimewaza sana nikuombe nini, nikaona nikuombe kidogo. Rudi umalize mtihani, hata kama hutaki kusema na mimi. Kaa cherehani ya mwisho kabisa, nipe mgongo, chukua cheti chako uende ukawashonee watoto wa kwenu. Hilo halihusiani na kunisamehe. Lazaro anajua, ukifika getini utapita.

Ama kuhusu mimi na wewe, Saning'o, wewe ulitushikia majani na sisi, tusiostahili kukataa, tukakataa. Mimi sikushikii kitu. Nimekosa, nakuomba radhi, na mikono yangu nimeiacha mitupu makusudi, ili na wewe uweze kukataa.

Nikutakie heri popote ulipo, na geti unalolinda liwe la watu wanaokuita kwa jina lako.

Ni mimi,
mwalimu wako wa kushona, niliyekaa karibu yako nikasikia.