Dada Anaolewa Jumamosi na Wimbo Wake Unakimbia

Shangazi Lorine,

Usicheke kwanza, nisaidie. Mimi ni Kasaine wa Kitengela, shule niliachia Form Two lakini kwa muziki hakuna mtu mtaa huu ananiweza, niko na laptop, niko na programu ya DJ ya bure, wiki tatu tu na tayari watoto wananiita DJ Radi, sawa, ni mimi niliwaambia waniite hivyo. Sasa dada yangu Dinah anaolewa Jumamosi, na nilimsumbua mpaka akamkatalia DJ Ngigi wa Embulbul, nikamwambia, "Huyo ni mzee, bado anacheza na CD." Jumapili tukafanya mazoezi ya maharusi kuingia, na mimi nilikuwa nimebonyeza sync, kile kitufe kinalinganisha mwendo wa nyimbo mbili, na wimbo wa kwanza ulikuwa wa kasi, basi wimbo wa bibi harusi nao ukaanza kukimbia, wasimamizi wakakimbia nao, wakafika mbele kama mbuzi wameona fisi. Dinah akauliza, "We Kasaine, hii ni nini?" Nikasema, "Ni remix, sista, Nairobi ndio wanatumia." Akaamini! Sasa kila jioni wanafanya mazoezi na hiyo kasi, hadi Koko, nyanya yetu, na ana goti bovu, jana alishikilia ukuta akihema. Kupunguza mwendo sijui, kukubali makosa sitaki. Nifanyeje?

DJ Radi

Kasaine (hilo jina lingine nitakuita siku utalipata kwa haki),

Nimecheka, pole. Goti la Koko halijacheka. Zima hiyo sync. Pembeni ya wimbo kuna kitelezi cha kasi, kirudishe kwenye sifuri na wimbo utatembea vile ulirekodiwa. Ni dakika moja! Wiki tatu umebonyeza kila kitu isipokuwa hicho?

Ngumu ni ile ingine. Wasimamizi wamezoea mwendo wa uongo wako, na ukiwawekea ule wa kweli Jumamosi bila kuwaambia, watakanyagana mlangoni mbele ya wakwe. Lazima Dinah ajue leo, bado kuna siku za kujifunza upya. Atakufokea. Sema "pole dada" halafu unyamaze, najua kwako kunyamaza ni kazi. Kisha mpigie Ngigi umwombe arudi, umbebee spika, ukae kando yake uone masikio hufanya kazi gani pale wewe unabonyeza sync. Ukimfurahisha, omba nyimbo mbili wakati watu wanakula. Mtu mdomo umejaa pilau hawezi kukuzomea.

Dinah aliacha fundi akachukua ndugu yake. Funga hiyo laptop uende umwambie uso kwa uso, kabla mazoezi ya leo hayajaanza.