Neno la Mama Mkwe

Pippa, nimeharibu! Tena asubuhi yangu ya kwanza huku Skipton, kwa wazazi wa Duncan!

Nimeamka nikakuta chemshabongo ya gazeti mezani, imejaa yote isipokuwa neno moja. Rahisi! Nikachukua kalamu, nikajaza. Nikajiona bingwa.

Baba mkwe kaingia na chai yake, kaona, uso ukamshuka.
"Umejaza? KWA KALAMU?"

Kumbe lile neno anamwachia mkewe makusudi! Kila asubuhi anajifanya kakwama, Mama Maureen anamalizia, halafu anamtambia, "Bila mimi ungekuwa wapi?" Miaka yote ya ndoa yao! Na mimi nimejitia kimbelembele.

Mzee kavaa koti, katoka kununua gazeti jingine. Kwenye mvua, Pippa! MVUA!

Mama Maureen kashuka, kachungulia dirishani, kacheka. "Anadhani sijui. Huniachia lile jepesi kuliko yote. Mwache tu, anafurahi."

Unawaona hawa watu?

Mzee karudi kalowa chapachapa, kanakili majibu yote upya, kaacha neno lilelile. "Mke wangu, nimekwama!" Mama kavaa miwani, kajikuna kichwa weee. Mwigizaji!

Ndipo Duncan, huyu mchumba wangu, akili zake unazijua, akaokota gazeti la kwanza: "Baba, mbona hili hapa limesha..."

Nimemkanyaga mguu kwa nguvu zangu zote.

Sasa anachechemea. Na mama yake, kimya kimya, kachukua soseji kwenye sahani ya mwanawe kaniwekea mimi.