Dada, Sikuwa Kanisani Jumamosi

Kitale

Dada yangu Nekesa,

Nimekuficha mambo mawili, na kwa kuwa daktari ameniambia wazi kwamba moyo wangu hautavumilia muda mrefu, sitaki kuondoka nayo. La kwanza ni jepesi, nitaanza nalo. La pili nitalisema mwishoni, nikishapata ujasiri. Lakini hujambo kwanza? Magoti yameacha kukusumbua? Huku mvua haijakatika, nami siku hizi nalala vizuri kuliko mwaka jana.

Kila unapopiga simu Jumamosi, binti yangu Rose hukujibu kwamba nimeenda kwenye maombi ya wazee. Ni mimi niliyemwomba aseme hivyo. Sikuwa kanisani, Dada. Nilikuwa nikifinyanga udongo.

Kuna studio ndogo nyuma ya kinu cha kusaga mahindi, ambapo msichana mmoja wa huku Mlima Elgon, Chebet, anawafundisha wanaoanza, wakubwa na watoto kwenye meza moja. Mimi ndiye mwanafunzi mzee kuliko wote. Nimekalishwa kati ya mama mmoja muuguzi na Neema, mtoto wa darasa la pili asiye na huruma.

“Kuka, hiyo ni kikombe ama ni kiatu?” aliniuliza siku ya kwanza, akiniita babu kwa lugha yetu.

“Ni bakuli.”

“Ati bakuli! Si imelala, bana. Iamshe!”

Najua unakunja uso. Kwetu Kabuchai mwanamume hagusi udongo wa vyungu. Mama alitufukuza sisi wavulana hata mahali pa kuchomea, akisema mkono wa kiume hupasua chungu. Nilifundisha sayansi mpaka nikastaafu nikiwa mwalimu mkuu, na bado niliamini. Chungu changu cha kwanza kilipotoka kwenye tanuri kikiwa vipande, nilivaa koti. Nilimwambia Chebet sitakuja tena, nikamweleza na sababu.

Hakunicheka. Aliokota kipande cha kitako, akanishikisha. “Mwalimu, si wewe. Ona hapa chini vile ni nene. Ndani ilikuwa bado na maji. Hata yangu ya kwanza ilipasuka, na mimi ni msichana.”

Nikavua koti. Kilichofuata nilikipunguza kitako, nikakiacha kikauke polepole chini ya kitambaa, nikiwa na wasiwasi kama mtahiniwa. Kilipotoka kizima nilicheka mpaka kikohozi kikanishika, na yule muuguzi akaja mbio na maji. Neema alikigonga kwa ukucha, kikalia. “Kuka, sasa hapo umejaribu,” akasema. Tangu siku hiyo nimekuwa mwepesi ajabu. Ugonjwa haujapungua, lakini hofu imepungua.

Sasa nina ombi. Ijumaa mkwe wangu atanileta nyumbani, na sitarudi Kitale. Naomba, kama moyo wako utakubali, uniruhusu nikae kando yako unapofinyanga, nami niwe na donge langu. Ukikataa sitakasirika, nitakaa ndani na redio yangu. Ila siku zilizobaki ningependa kuzimaliza mikono yangu ikiwa na udongo, na wewe ukinikosoa.

Nisalimie shemeji, umwambie asihangaike kunichinjia jogoo, meno hayapo. Nisalimie mjukuu wako anayesoma Chuo Kikuu cha Kibabii. Na mke wa mchungaji wenu, ambaye unasema husifu bidii yangu ya maombi, mwambie ukweli taratibu.

Haya, la pili.

Umeniambia mara nyingi kwamba baba alinipa mimi fungu zuri: mimi nilipelekwa shule ya bweni, wewe ukaachishwa darasa la nne ubaki na mama na vyungu. Kila mara nilinyamaza, ukadhani naona haya. Asubuhi ile nilipotoka na sanduku langu, mlikuwa mmekaa nyuma ya jikoni, wewe umepakaa udongo mpaka viwikoni, mkicheka jambo ambalo sikulisikia. Nililia njia nzima hadi Kamukuywa, na baba akanituliza akidhani naogopa shule. Sikuogopa shule. Nilikuonea wivu, Dada, na wivu huo haujanitoka hadi leo.

Mdogo wako,
Wafula