Harufu ya Ndimu mu Unga

Ngalula mwanangu,

Salamu toka Tenke. Na papa yako tuko bazima, tunangoja ku gare train ya Kasai, pamoja na bengine benye balifukuzwa sawa siye.

Leo nilichunga unga ya kupika bukari, nikakuta utitiri, vumbi yenye kutembea. Nikaponda kamoja na kidole. Harufu ya ndimu ikatoka, na tungine tukakimbia, hata tule twenye tulikuwa mbali. Tata mumoja, mwalimu, mwenye tunangoja naye, akasema: "Mama, mwenye kufa anaambia benzake kwa harufu bakimbie."

Papa yako akacheka: "Basi tule tududu tuko na akili kupita mutoto wetu."

Mi sikucheka. Weye, moshi ya nyumba ya jirani yenye balichoma uliisikia, na ungali unalinda mabati ya nyumba yetu hapo Kolwezi. Acha mabati, mwanangu. Kuya huku Tenke, mbele ya train kufika. Nakuwekea nafasi ku mukeka wangu.

Mama yako